Hofu za mwisho wa dunia na Ziwa Victoria letu: tunasubiri siku moja kubwa huku ziwa likibadilika mbele yetu

Jiwe la Kirumba (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna sauti inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Mwanza. Mtu asiyejitaja jina anasema Ziwa Victoria liko mbioni kulipuka kwa gesi, anataja mpaka mwezi, kisha anatuomba tuisambaze. Nimeulizwa na watu wazima wenye familia zao kama ni kweli. Badala ya kumjibu mmoja mmoja nimeona nilete hoja hapa, maana sauti za namna hii huwa zinarudi.

Hoja yangu ni hii. Hofu ya janga la mazingira imetufikia kwenye sinema, kwenye mahubiri na kwenye simu ikiwa na sura moja tu, sura ya SIKU. Kuna tarehe, kuna wimbi, kuna watu wanakimbia. Tunaisubiri siku hiyo, isipofika tunasema walitudanganya, maisha yanaendelea. Wakati huohuo ziwa limepoteza vitu ambavyo hakuna aliyetangaziwa tarehe yake.

Waliokulia Mabatini, Igoma au Nyakato wanavikumbuka vibanda umiza, sinema za nje zikiwa na sauti ya mtafsiri wa Kiswahili juu yake. Ile The Day After Tomorrow ya 2004: mkondo wa bahari unasimama, New York inaganda ndani ya siku chache. Halafu ile iliyoitwa 2012, iliyotoka mwaka 2009 na kuegemea kalenda ya Wamaya na tarehe 21 Desemba 2012. Ardhi inapasuka, bahari inapanda mpaka kwenye milima ya Himalaya. Mtafsiri naye anaweka chumvi yake, na tarehe ile ikatoka kibandani ikaingia mitaani. Desemba ya mwaka ule kuna watoto mtaani kwetu waligoma kulala peke yao.

Kinachoniuma ni kwamba ndani ya ile ya kwanza kuna sayansi ya kweli. Mkondo wa Atlantiki unaopeleka joto kaskazini upo, unapimwa, na wanaoupima wana wasiwasi nao. Watengenezaji wa sinema walichukua mabadiliko ya miongo wakayabana yakawa ya wiki moja. Mtazamaji akishazoea wiki moja, ukimweleza kuhusu miongo anaona huna habari.

Tarehe inapotolewa na wataalamu wenyewe mambo huwa mabaya zaidi. Mwaka 2002 mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake walikadiria kuwa barafu ya Kilimanjaro ingeisha kati ya 2015 na 2020. Mwaka 2006 Al Gore, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Marekani, akasema kwenye filamu yake kwamba ndani ya muongo mmoja theluji ya Kilimanjaro haitakuwepo. Muongo umepita, barafu bado ipo, na kila ikionekana picha ya kilele cheupe mtandaoni utasikia "si mlisema itaisha?" Ni wachache wanaofika kwenye habari yenyewe: kati ya 1912 na 2000 mlima ulipoteza takriban asilimia 80 ya eneo la barafu yake, na iliyobaki inaendelea kupungua. Mwaka 2022 UNESCO ilisema inaweza kutoweka kufikia 2050. Tarehe ilikosewa, jambo lenyewe liko palepale.

Na ziwa letu limeshatabiriwa kifo. Mwaka 2006 maji yalishuka mpaka kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1920, magazeti yakaandika kwamba Victoria linakauka. Sababu zilikuwa mbili: ukame, na maji mengi kupita makubaliano yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya umeme kule Jinja, Uganda. Mvua zikarudi. Mei 2020 ziwa likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964 ya mita 13.41, likameza fukwe na nyumba za kandokando. Watu walewale walioambiwa ziwa linakauka, miaka kumi na minne baadaye walihama kwa sababu limejaa. Mtu wa hivyo akiacha kusikiliza utabiri, mimi simlaumu.

Sasa niulize: ni nani alitutangazia siku ya kufa kwa furu?

Vijana wengi humu furu, yule samaki mdogo wa ziwani, hawamjui, au wanamjua kama chambo. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 furu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa. Walikuwa wengi kiasi kwamba hapa Mwanza palikuwa na kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Sangara alishapandwa ziwani tangu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akakaa kimya, kisha miaka ya 1980 akalipuka. Watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakivua kwa vipimo kwenye Ghuba ya Mwanza tangu 1977, kina Frans Witte, walishuhudia nyavu zao zikibadilika. Katika miaka michache furu wa maji ya kina wakatoweka kabisa kwenye nyavu, na kwa ziwa zima inakadiriwa aina kama 200 zimepotea. Hakukuwa na wimbi, hakuna aliyekimbia. Badala yake pesa iliingia mjini, tukajenga.

Sinema moja ilikuja kutusimulia hilo: Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya 2004, iliyopigwa hapahapa Mwanza na kuteuliwa kuwania Oscar. Sisi tunaijua kwa jina la filamu ya mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki kiwandani. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikosoa hadharani, maandamano yakafanyika mjini. Tukabishana kama Mwanza tunakula mapanki, kama ndege za minofu zilileta silaha, kama mzungu ametudhalilisha. Hayo yalistahili kujibiwa. Lakini sikumbuki kikao kimoja tulichokaa kuulizana: je, furu wameisha kweli? Na maji yana hali gani?

Kwa hiyo nauliza jukwaa. Hadithi ya janga lisilo na siku inasimuliwaje mpaka mtu wa Igogo aisikilize kama anavyosikiliza ile ya ziwa kulipuka? Wenye nondo zenu shusheni.

Nawasilisha.

---

Kijana wa Nyakato

Nimekaa hapa nasubiri wajuzi. Ila mkuu, lile la kulipuka hujalijibu. Bibi yangu yuko Ukerewe na ameshaisikia hiyo sauti.

---

Mwl wa Pasiansi

Ngoja nilijibu hilo la kulipuka kwanza ili bibi alale.

Maziwa yanayoweza kutoa gesi ghafla yapo. Ziwa Nyos kule Kameruni lilifanya hivyo Agosti 1986, watu wapatao 1,700 wakafa usingizini kwa kukosa hewa. Ziwa Kivu lina gesi nyingi kuliko Nyos kwa mbali sana, na Rwanda wanavuna methani yake kuzalisha umeme. Ili gesi ikusanyike hivyo unahitaji vitu viwili: chanzo cha gesi cha volkano chini, na kina kirefu ambacho maji ya chini hayachanganyiki na ya juu karne kwa karne. Kivu lina kina cha karibu mita 485. Victoria ni pana sana lakini halifiki mita 90 penye kina zaidi, na upepo wa kipupwe, Juni mpaka Agosti, huligeuza maji yake juu chini kila mwaka. Gesi haipati pa kujilimbikiza. Mwambie bibi hivyo: linapumua kila mwaka.

Sasa nirudi kwa mleta uzi. Umeuliza janga lisilo na siku linasimuliwaje. Mimi darasani nasimulia habari ya samaki wawili.

Kuna furu wa kwenye miamba anayeitwa kitaalamu Pundamilia nyererei. Ndiyo, amepewa jina la Mwalimu Nyerere. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Ana ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la rangi ya bluu. Wanaishi kwenye mwamba mmoja, mwekundu chini kidogo, wa bluu karibu na juu. Wakizaliana wanapata watoto wazima tu, hakuna kinachowazuia kimaumbile. Kinachowatenganisha ni jike. Jike la wekundu linachagua mwekundu, la bluu linachagua wa bluu, kwa kutazama.

Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake, akiwemo huyo Witte, walichapisha walichokiona kwenye visiwa vya maeneo yetu. Kisiwa cha Makobe, penye maji maangavu, wekundu ni wekundu na wa bluu ni wa bluu. Ukiingia ndani ya ghuba maji yanazidi kuwa machafu na rangi zinazidi kufifia. Ukifika Luanso, samaki wa aina mbili hawapo tena, wapo wa aina moja iliyochanganyika, rangi yake si hii wala si ile. Jike halioni vizuri, kwa hiyo halichagui. Hakuna samaki aliyeuawa pale. Hakuna sumu, hakuna nyavu haramu. Mwanga umepungua ndani ya maji, na aina mbili zilizochukua maelfu ya miaka kutengana zimerudi kuwa moja.

Na mwanga umepungua kwa sababu tunazozijua: udongo na mbolea kutoka mashambani, majitaka ya miji, moshi na majivu ya moto wa misitu unaoanguka na mvua, yote yanalisha mwani wa kijani ule mnaouona umetanda Kapripoint asubuhi kusipokuwa na upepo. Mto Mirongo unapita katikati ya mji, kila mmoja wetu anajua unabeba nini.

Nikiwasimulia wanafunzi hii, wanakaa kimya. Nikiwasomea takwimu za fosforasi, wanaangalia dirishani.

---

Binti Kapripoint

Mwalimu, hii ya Luanso nimeisoma mara tatu. Asante sana.

Naomba nimpinge mleta uzi kidogo kwa heshima. Umezilaumu sinema mno. Ile ya 2004 ilifanyiwa utafiti Marekani na Anthony Leiserowitz. Alilinganisha walioitazama na wasioitazama, akakuta walioitazama wana wasiwasi zaidi kuhusu tabianchi na wako tayari zaidi kuchukua hatua. Walijua ni sinema, hawakudanganyika kwamba New York itaganda Jumanne, ila walitoka na swali. Hofu ina kazi yake.

Angalia tabaka la ozoni. Miaka ya 1980 tuliogopeshwa nalo sana, kila mtu alisikia habari ya tundu na saratani ya ngozi. Mwaka 1987 nchi zikasaini Mkataba wa Montreal, gesi za mafriji na makopo ya kupulizia zikaanza kuondolewa, na leo tabaka linapona taratibu. Leo kuna watu wanasema "ozoni nayo ilikuwa kelele tu". Utabiri ule haukutimia kwa sababu watu walifanya kazi usitimie!

Shida yangu na ile ya 2012 ni tofauti na yako. Kwenye hadithi ile, safina za kuokoa watu zinajengwa kwa siri na tiketi moja ni yuro bilioni moja. Mwisho wake Afrika ndiyo inabaki juu ya maji, na safina zinaelekea Rasi ya Tumaini Jema. Waafrika waliosalimika kule kwenye nchi kavu hawazungumzi. Hatuonekani tulipita vipi kwenye gharika, bara letu linatajwa kama gati la kushukia wageni. Mtoto wa kibanda umiza anajifunza nini hapo? Kwamba janga ni la wengine, na wokovu ni wa wengine.

---

Mtumishi wa Buhongwa

Amani kwenu wapendwa.

Mahubiri nayo yametajwa, na ni kweli. Wapo wenzetu wanaotaja tarehe, na Maandiko yamekataza wazi: habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Pia Mwanzo sura ya 9 Mungu aliweka agano na Nuhu kwamba maji hayatakuwa gharika tena kuiharibu nchi. Kwa hiyo mhubiri anayewatisha watu wa ziwani kwa gharika anapingana na kitabu alichokishika mkononi.

Lakini kipo kifungu ambacho hakihubiriwi. Ufunuo 11:18 unasema utakuja wakati wa "kuwaharibu hao waiharibuo nchi". Mimi nimekihubiri kando ya mto wenye takataka, na baadhi ya waumini hawakufurahi. Nitaendelea kukihubiri.

---

Dunga Beach

Salamu kutoka Kisumu ndugu zetu.

Huku sisi janga letu lilikuwa na sura, gugu maji. Lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 80, na kufika 1998 ghuba yetu ya Winam ilikuwa imefunikwa, boti hazitoki, watu wanasema ziwa limekwisha. Wakaleta mbawakawa wadogo wanaokula majani ya gugu hilo, watu wakaogopa tena: wakimaliza gugu si watakula mahindi yetu? Hawakugusa mahindi. Wao pamoja na mawimbi na mawingu ya El Niño walilipunguza sana, ingawa hurudi kila baada ya muda.

Hapo ndipo naona jambo. Gugu maji unaliona, ndiyo sababu kila mtu alipiga kelele na kitu kikafanyika. Hewa ya oksijeni iliyopungua chini ya ziwa huioni. Mwishoni mwa 2020 na Januari 2021 sangara wakubwa walielea wamekufa, huku Kenya na huko Uganda. Wataalamu wa Uganda walieleza kwamba dhoruba ilichanganya maji, yale ya chini yasiyo na hewa yakapanda, na sangara ndiye anayeshindwa mapema maana anahitaji hewa nyingi. Watu waliamini kuna aliyemwaga sumu.

Kuhusu hadithi za kwetu, tafuteni filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi, ya 2009. Haifiki nusu saa. Vita vya maji vimeshapigwa, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena. Msichana anaitwa Asha, anapata udongo wenye uhai, anapanda mbegu, anaamua kutoka nje nayo. Hakuna wimbi hata moja mle. Maafa yenyewe yameshapita, tunaonyeshwa maisha ya baada yake, na tone la maji likikatazwa unalisikia kooni.

---

Mama Igombe

Mmetaja mapanki, naomba nami niseme maana nimeyakaanga.

Panki ni kichwa na uti wa mgongo vilivyobaki kiwandani baada ya minofu kutolewa. Unaosha, unakata, unakaanga, mafuta mengine yanatoka kwake mwenyewe. Wateja wangu walikuwa wapagazi, wanafunzi, akina mama wanaokwenda kuuza kwa mafungu. Lilipokuwa panki la sangara mkubwa, moja linajaza karai, nyama ya shavuni peke yake inashibisha mtoto.

Ile filamu ilionyesha mapanki yenye funza yakianikwa. Yapo ya hivyo, sikatai, yale ya kwenda kwenye chakula cha kuku yalianikwa vibaya. Ila dunia nzima ikaona sisi ni watu wa kula uozo. Swali la kwa nini mnofu unaruka na mfupa unabaki lilikuwemo ndani ya filamu ileile, lakini kinyaa kililifunika. Na wakubwa walipojibu wakajibu kinyaa, swali wakaliacha.

Mkitaka kujua ziwa lina hali gani, nendeni mkatazame panki la leo. Limekuwa dogo. Sangara wanavuliwa kabla hawajakua, na mwenye kilo nyingi anatafutwa kwa ajili ya bondo, kile kibofu chake cha hewa, linalokwenda China kwa bei ambayo mnofu haujawahi kuipata. Kwangu mimi hiyo ndiyo sinema, naiona mezani kila siku.

---

Ng'wana Sengerema

Mimi sikubaliani na uzi huu. Ziwa lipo, maji yapo, samaki wapo. Watafiti wanaishi kwa kutisha watu. Aprili 2021 tuliambiwa kimbunga Jobo kinakuja Dar, watu wakafunga biashara, kikafia baharini. Na Machi 2022 Mto Mara ulipogeuka mweusi na samaki wakafa, kamati ikatuambia ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe na mimea iliyooza. Ng'ombe wamekunywa Mto Mara tangu enzi za babu zetu. Mnataka tumwamini nani?

---

Jiwe la Kirumba

Ng'wana Sengerema, asante kwa kusema wazi, maana wengi wanafikiri hivyo na hawaandiki.

Jobo kilipungua nguvu kabla ya kufika, kweli. Lakini Mei 2024 mamlaka ileile ya hali ya hewa ikatangaza kimbunga Hidaya, na tarehe 4 kikaingia Mafia. Kilivunja makazi, mvua yake ikakata barabara ya kwenda Lindi na Mtwara. Aliyekuwa ameamua baada ya Jobo kwamba hao ni waongo, Hidaya alimpokeaje? Utabiri wa kimbunga ni wa uwezekano. Ukitaka wakutangazie tu kile chenye uhakika wa asilimia mia, watakutangazia kikiwa mlangoni.

Kuhusu Mara, hapo nakuelewa. Watu walipewa jibu bila kuonyeshwa lilivyopatikana. Maelezo ya mwalimu hapo juu kuhusu Kivu yana kina, yana upepo, yana sababu ambayo mtu anaweza kuikagua. Mimi sasa napima utabiri kwa namna hiyo. Anayesema ziwa litalipuka, aniambie gesi inatoka wapi. Anayesema linakauka, anionyeshe hesabu ya maji: zaidi ya robo tatu ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi yanaondoka kwa jua, kwa hiyo mvua ikibadilika, ziwa linabadilika haraka. Akishindwa kueleza njia, simsambazi.

---

Mwl wa Pasiansi

Niongeze hapo kwenye kukauka, maana lilishakauka kweli. Takriban miaka 17,000 mpaka 15,000 iliyopita hapa palikuwa nchi kavu. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walichapisha walichokuta walipotoboa matope ya chini ya ziwa: chini yake kuna udongo mgumu uliowahi kupigwa jua, wenye alama za mizizi. Mabadiliko ya mvua tu yalitosha. Sisemi litakauka kesho. Nasema anayedai haliwezi kabisa, udongo ule unampinga.

Na habari nyingine ambayo haijatafutiwa nafasi kwenye hadithi za maangamizi: baadhi ya furu walirudi. Miaka ya 1990, sangara wakubwa walipopungua kwa kuvuliwa, furu mmoja wa Ghuba ya Mwanza aitwaye pyrrhocephalus aliongezeka tena. Witte na wenzake walipompima na kumlinganisha na wa zamani waliohifadhiwa kwenye chupa, walikuta matamvua yake ya kupumulia yamekuwa makubwa zaidi, na chakula chake kimebadilika. Maji yana hewa kidogo, naye amebadilika kuendana nayo, ndani ya miaka isiyofika thelathini.

---

Mjukuu wa Karabai

Naandika kwa niaba ya babu, nimemsomea uzi wote. Shikamooni wakubwa. Maneno ni yake:

"Mvua za 1961 mpaka 1964 nilikuwa kijana. Maji yalipanda yakaingia kwenye migomba, watu wakahama na vihenge vyao. Wazee walisema ziwa linadai chake. Hatukuwa na sinema ya kutuambia ni mwisho wa dunia, tulihamia juu.

Furu tulikuwa tunamwanika kwenye mawe, jua linammaliza siku mbili, hahitaji kuni. Sangara ana mafuta, hakauki juani, lazima umbanike. Hapo ndipo miti ya ufukweni ilipokwisha, hilo naona hamjalisema. Samaki mmoja alibadilisha mpaka kilima.

Furu tulimjua kwa rangi. Watoto walikuwa wanachagua, huyu wangu, huyu wako. Tulivua dagaa kwa karabai, ukiinamisha taa unaona chini mpaka jiwe. Sasa vijana wana taa za sola zenye mwanga mkali kuliko karabai langu, na hawaoni jiwe."

---

Binti Kapripoint

Babu ametuonyesha jinsi ya kuisimulia. Ile taa ya karabai ni mandhari nzima.

Mimi huandika michezo ya redio. Mleta uzi na mwalimu, naomba ridhaa yenu niandike mmoja juu ya Luanso na wale samaki wawili, nusu saa, Kiswahili cha hapahapa, bila tarehe ya mwisho wa dunia. Ndani yake awepo mvuvi wa karabai na mjukuu wake mwenye taa ya sola. Mwalimu, nitakutumia rasimu ukague sayansi kabla sijarekodi.

---

Mwl wa Pasiansi

Ruksa. Usiwafanye samaki wazungumze, tafadhali. Rangi zinatosha.

---

Dunga Beach

Ukimaliza tuletee, vituo vya huku vitaupiga. Badilisha tu "sato" iwe "ngege" watu waelewe.

---

Ng'wana Sengerema

Ule wa kupima maji kwa kuonekana jiwe, unafanywaje kitaalamu? Nina mtumbwi. Kama ni kitu cha kufanya mwenyewe nitapima huku upande wetu nilete namba, nisiambiwe tu.

---

Mwl wa Pasiansi

Ni rahisi ndugu. Kata duara la bati au plastiki, kipenyo cha sentimeta 20, ligawe robo nne, paka robo nyeusi na nyeupe kwa kupishana. Funga uzito chini, kamba yenye alama kila sentimeta 10 juu. Saa sita mchana, upande wenye kivuli cha mtumbwi, lishushe mpaka lisionekane, andika kina, livute juu taratibu mpaka lionekane tena, andika. Chukua wastani wa hizo mbili. Pima palepale kila wiki, na uandike kama mvua ilinyesha jana yake.

---

Mama Igombe

Kwenye huo mchezo wa redio na akina mama wawemo, mmeandika wavuvi tu. Niko mwaloni hapa Igombe. Asubuhi tuna kazi, njooni baada ya saa nane, na mje na kifaa kizuri cha kurekodia maana pana kelele.